Wallahi, Simu Ilizima

Simu yangu huzima ikiwa na asilimia 23. Haifanyi hivyo kila siku, huchagua siku za shughuli. Nikiwa nimejikalia nyumbani Tabata, sina pa kwenda wala wa kumpigia, huteremka kwa adabu mpaka asilimia 3, inanionya, inasubiri, inanionya tena, ndipo inalala. Lakini niwe nimesimama dukani, mchele umeshapimwa na kufungwa, lipa namba nimeshaiingiza, basi asilimia 23 zote zinakwenda kwa mpigo mmoja. Kioo kinakuwa cheusi, na mimi na muuza duka tunabaki tunatazamana.

"Dada, imezima?"

"Imezima, kaka yangu. Na ilikuwa na chaji, wallahi."

Hapo muuza duka huuvuta mfuko wa mchele upande wake wa kaunta, taratibu, kwa vidole viwili. Neno baya hasemi. Lakini mfuko unakwenda.

Kwa muda mrefu niliamini simu ina kijicho na mimi. Aliyenitoa gizani ni fundi mmoja wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kijana mwenye meza ndogo, taa ya kuinama na kopo la bisibisi za kila namna. Alinieleza kwamba simu haina namna ya kuchungulia ndani ya betri ikaona chaji iliyobaki. Kazi yake ni kukisia. Inapima volti, inahesabu umeme ulioingia na uliotoka, kisha inakuandikia namba kwa kujiamini, kana kwamba imeishika mkononi. Betri ya lithiamu iliyojaa huwa na volti 4.2 hivi, na kadiri unavyoitumia zinashuka. Zikishuka kupita kiwango, simu inajizima kwa usalama wake. Betri ikiwa mpya, makisio hayo huwa jirani na ukweli. Ikizeeka, ukinzani wa ndani unaongezeka. Siku ukiidai umeme mwingi kwa ghafla, kamera na tochi na intaneti na mwanga wa kioo vyote pamoja, volti zinaporomoka mara moja, simu inadhani mambo yamekwisha, inazima. Ukiiwasha baadaye inakwambia ina asilimia 19. Haina hata haya.

"Mama, betri yako ni bibi," alisema yule fundi bila kuinua kichwa. "Ukimwambia atembee taratibu, atafika Bagamoyo. Ukimwambia akimbilie daladala, anaanguka hapo hapo kituoni."

Nikamwambia mbona simu ina miaka minne tu. Akacheka. Betri haihesabu miaka tu, inahesabu na mizunguko. Apple, kwa mfano, wanasema betri za iPhone 14 na zilizoitangulia zimeundwa zibakize asilimia 80 ya ujazo wake baada ya mizunguko 500 kamili ya chaji. Mtu anayemaliza chaji nzima kila siku anaifikisha 500 kabla ya mwaka na nusu. Halafu kuna joto, adui mkubwa wa lithiamu. Kampuni hiyo hiyo inashauri simu itumike kwenye nyuzi 0 hadi 35. Nilipoisoma hiyo 35 nilicheka peke yangu. Hawa watu hawajapanda daladala la Gongo la Mboto mwezi wa Februari, saa nane mchana, dirisha limekwama, simu iko kwenye mkoba, mkoba uko mapajani, na juu ya mkoba amekaa mtoto wa abiria mwenzako.

Lakini kuna jambo linaniudhi zaidi ya joto. Mwaka 2019 Tuzo ya Nobel ya Kemia walipewa watu watatu kwa kazi yao juu ya betri hizi: John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Mzee Goodenough alikuwa na miaka 97, mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kupokea Nobel, na alikuwa bado anakwenda maabara. Miaka 97, yuko kazini. Betri aliyosaidia kuileta duniani ina minne na imeshaomba kustaafu.

Basi fundi akanifundisha Kiokoa Betri. Nilikuwa nakiona siku zote, kile kidude cha njano, nikidhani ni onyo tu. Kumbe kipo kwenye Android tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, na wenye iPhone wakapata chao mwaka uliofuata. Ukikiwasha, kioo kinafifia, kichwa cha simu kinafanya kazi polepole, programu zilizokuwa zinajisomea mambo nyuma ya pazia zinaambiwa zitulie, na meseji za mitandao zinaweza kuchelewa. Kwa lugha ya fundi, bibi anatembezwa. Nilifurahi. Chaji iliyokuwa inaishia saa saba mchana ikaanza kufika magharibi. Nikajiona mjanja wa mji.

Shida ya kwanza ni jua. Kioo cha Kiokoa Betri ndani ya nyumba kinavumilika, lakini nje, mchana wa Dar es Salaam, ni sawa na kutazama ubao mweusi usioandikwa kitu. Siku moja pale Buguruni, karibu na sokoni, nilitakiwa kumlipa dereva wa bajaji. Nikatoa simu, sioni. Nikaikinga kwa kiganja, sioni. Nikageuka nikaipa jua mgongo, nikajiona mwenyewe, na nywele zangu, na bajaji. Mwisho nikafungua kanga niliyojitanda, nikaifunika kichwani, mimi na simu yangu tukaingia ndani.

Humo ndani kulikuwa na giza zuri. Nikaanza kuingiza namba, tarakimu moja moja, kwa sauti ndogo. Kwa sababu nilikuwa nimeinama na kanga inatikisika, na kwa sababu nilikosea namba nikasema "Ya Rabi", mama mmoja muuza ndizi akaja akaniwekea mkono mgongoni.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Ni nani?"

Nikajibu kutoka ndani ya kanga: "Ni bajaji, mama. Elfu tatu."

"Bajaji imemgonga nani?"

Nilipotoa kichwa, palikuwa na wanawake wanne na mzee mmoja aliyevua kofia. Dereva wangu naye alikuwa ameshaanza kulia kidogo. Mpaka leo sijui alimlilia nani.

Nyumbani nako Kiokoa Betri kilileta siasa. Kwetu soketi inayoshika vizuri ni moja, iko sebuleni pembeni ya friji, na kila mwenye simu anaitolea macho. Simu yangu ilipewa kipaumbele kwa sababu ya uzee wake, lakini tundu lake la chaji nalo limelegea. Ili chaji iingie, waya lazima ukunjwe kushoto, simu ilazwe kifudifudi, na juu ya kile kichwa cha waya ikandamizwe chupa ya asali. Ikishakaa, hakuna kupita. Mume wangu ni mtu wa mwili. Akikatiza sebuleni tu, sakafu inatikisika, chupa inasogea robo ya ukucha, simu inalia "pii" kwamba imetoka chaji. Anarudi, inalia "pii" kwamba imeingia. Amejifunza kutembea kwa vidole nyumbani kwake mwenyewe. Siku wifi yangu alipokuja kutusalimu akamkuta kakake ananyata kuelekea jikoni saa tano asubuhi, aliniangalia jicho ambalo bado tunalizungumza.

Washauri hawakukosekana. Mwanangu wa pili kila anaponiona nimeshika simu anainyang'anya, anafuta programu zote zilizofunguliwa, fyu, fyu, fyu, anairudisha kwa fahari. Nilikuwa namshukuru, mpaka nikajua kwamba mwaka 2016 wakuu wa programu wa Apple na wa Google walisema kuwa kufanya hivyo hakuokoi chaji, na kunaweza hata kuipoteza kidogo, kwa sababu kila programu uliyoiua lazima ianze upya ukiihitaji. Mwanangu nimemwambia. Amenijibu kwamba wale hawaijui simu ya mama.

Binti yangu yeye alinigeuzia kila kitu kikawa cheusi, akisema weusi hauli umeme. Ni kweli, lakini kwa vioo vya OLED, ambavyo kila nukta inajiwashia taa yake, na nyeusi ni taa iliyozimwa. Cha kwangu ni LCD, taa yake iko nyuma ya kioo kizima na inawaka hivyo hivyo, uweke nyeusi au uweke picha ya theluji. Na hata hao wenye OLED wasijisifu: watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima mwaka 2021 wakakuta kwamba kwa mwanga wa kawaida wa asilimia 30 hadi 50, weusi unaokoa asilimia 3 hadi 9 tu. Faida yake huonekana hasa ukipandisha mwanga hadi mwisho. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa nilikuwa nasoma meseji kwenye kiza, ndani ya kioo kilichofifishwa, bila kuokoa chochote isipokuwa heshima ya binti yangu.

Sasa nije kwenye harusi.

Mtoto wa dada yangu alikuwa anaolewa, na mimi, mama mdogo, nilikuwa mweka hazina wa kamati. Hela ya mpishi, lile salio la mwisho, lilikuwa kwenye simu yangu. Ndiyo, simu hii hii. Kamati ilijua ninavyohangaika nayo, lakini ilipofika kuchagua mweka hazina walisema mtu ambaye simu yake haiwaki ni vigumu kutumia hela ovyo. Hoja hiyo ilipita bila kupingwa.

Siku yenyewe nikapanga mambo kitaalamu. Saluni niliizima simu kabisa ili chaji ibaki kwa ajili ya malipo. Jioni nikaiwasha, nikaweka Kiokoa Betri, nikaitia mkobani, nikaenda ukumbini Sinza na gauni langu la zambarau, sare ya kamati. Mume wangu alikuwa Dodoma kikazi, watoto walishatangulia na shangazi yao tangu asubuhi. Nilikuwa peke yangu na amani tele.

Mlangoni kijana akaona zambarau akanyoosha mkono: "Kamati huku mbele, mama." Nikapita. Meza imepambwa zambarau, viti vimefungwa utepe wa zambarau, akina mama wamevaa zambarau. Nikakaa. Wengi sikuwajua, lakini harusi ni ya pande mbili, nikasema hawa ni wa upande wa pili. Sambusa zikapita, nikachukua mbili.

Bibi harusi akaingia anacheza. Hapo moyo ulisita kidogo, maana binti yetu hachezi, akisikia ngoma anatafuta pa kukaa. Na huyu alikuwa mrefu. Lakini siku hizi ukimpeleka mtu kwa mpambaji unaweza kumpita mwanao wa kumzaa mlangoni ukamwamkia shikamoo, na viatu navyo vina visigino. Nikapiga vigelegele. Nilipiga vya nguvu, mpaka mshereheshaji akanielekezea kipaza sauti, "Huyo ndiye mama mwenye uchungu!"

Kisha nikamtazama bwana harusi. Bwana harusi wetu namfahamu vizuri, kijana mpole, ana upara. Huyu alikuwa na nywele. Nywele nyingi, zimechongwa pembeni. Mpambaji anaweza kumrefusha mtu, anaweza kumng'arisha, lakini hakuna saluni Dar es Salaam inayootesha nywele kati ya Ijumaa na Jumamosi.

Nikatoa simu nipige picha nimtumie dada. Kwa kuwa ukumbi ulikuwa na taa za rangi na kioo changu kimefifia, nikazima Kiokoa Betri. Mwanga ukarudi. Nikafungua kamera. Na hapo, meseji zote za kundi la kamati zilizokuwa zimezuiliwa mlangoni tangu mchana zikaingia kwa pamoja, zinasukumana. Nilifanikiwa kusoma za juu tu. "Mwenye ukumbi amepokea arubuni mbili jamani." "Wenzetu wamewahi kuingia." "Tumehama." "Mama mdogo uko wapi?" "Mpishi anaulizia hela." "MAMA MDOGO." Kidole kikagusa kitufe cha kamera, taa ya kamera ikamulika, asilimia 26 zikaondoka. Kioo cheusi.

Bibi kaambiwa akimbilie daladala.

Mama niliyekaa naye akaniinamia kwa upole: "Samahani dada, wewe ni upande gani?"

Nikamwambia, "Mimi ni wa bibi harusi mwingine."

Alikuwa mtu mwema, Mungu amlipe. Alinipa simu yake papo hapo. Nikaishika, nikaanza kubonyeza, kidole kikasimama hewani. Namba ya dada yangu siijui. Ya mume wangu siijui, na tuna watoto watatu. Zote zimo ndani ya ile maiti mkobani. Namba pekee niliyonayo kichwani ni ya mama yangu, Tanga, kwa sababu niliihifadhi enzi za kitochi, na mama hajaibadilisha, wala kitochi chenyewe hajakibadilisha. Kina tochi juu, kina vitufe vilivyofutika maandishi, na kinachajiwa Ijumaa baada ya sala, mpaka Ijumaa nyingine.

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mama."

"Namba ya nani hii?"

"Ya mtu tu, mama. Shikamoo. Simu yangu imezima. Mama, harusi iko wapi?"

Kukawa kimya. Nilisikia kuku wa Tanga.

"Harusi ya nani?"

"Ya mjukuu wako."

"Mimi," akasema mama, neno moja moja, "niko Tanga. Goti limevimba, sijatoka ndani. Na najua kuwa harusi imehamia Mbezi, ukumbi wa ghorofani, ukishapita stendi ya Magufuli. Wewe uko huko huko Dar, una simu ya kupangusa, unaniuliza mimi?"

"Mama..."

"Na mpishi amekataa kufunua masufuria mpaka alipwe. Watu wana njaa mpaka nimepigiwa simu. Kitochi changu kimeita kutwa nzima, na bado kina vijiti vitatu."

Nje nikapata bodaboda, kijana mwerevu, ana tundu la chaji limefungwa pembeni ya usukani na waya wake. Tukaunganisha. Waya ulipita chini ya kwapa lake la kushoto ukanifikia mimi nyuma, kwa hiyo nililazimika kumkumbatia kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili, gauni la zambarau limekusanywa magotini. Tukashika Shekilango, tukaingia Barabara ya Morogoro. Kila tuta, "pii", imetoka. Baada ya tuta, "pii", imeingia. Ubungo ikawaka. Kimara ilikuwa na asilimia 2. Kijana akaniuliza akanyage mafuta? Nikamwambia aende taratibu, waya usichomoke. Labda mimi ndiye abiria wa kwanza wa boda katika mkoa huu aliyechelewa harusi akaomba mwendo upunguzwe.

Mbezi niliingia kwa mlango wa jikoni. Mpishi alikuwa amekaa juu ya mfuniko wa sufuria la pilau. Sitanii, amekalia mfuniko, mikono ameikunja. Wapambe wa pande zote mbili wamesimama kumzunguka, mmoja ameshika sahani tupu. Kutoka ukumbini ilisikika sauti ya mshereheshaji akiwachezesha watu wimbo ule ule kwa mara nyingine, ili wasahau tumbo.

Nilikuwa na asilimia 5. Nikafanya yote niliyofundishwa Aggrey. Kiokoa Betri, washa. Data, zima. Mwanga, chini kabisa. Nikakimbilia ile menyu ya nyota na alama ya reli, ambayo haihitaji intaneti na haina picha wala madoido. Nikaingiza namba ya mpishi, yeye ananitajia, mimi narudia. Nikaingiza kiasi. Likaja jina lake, akathibitisha ni yeye. Dada yangu alikuwa amesimama nyuma yangu, alikuja kuniuliza nilikuwa wapi, lakini alipoona kioo akaziba mdomo kwa mkono. Nikaingiza namba ya siri. Simu ikafikiri. Inafikiri polepole ikiwa kwenye Kiokoa Betri, ndiyo masharti yake. Ikazima.

Hakuna aliyepumua. Kisha kwenye mfuko wa shati la mpishi kukalia "ting". Akatoa simu yake, akaisoma mbali na macho, akaisoma karibu, akasimama.

"Imeingia," akasema, akafunua sufuria.

Niliitwa mbele nikapigiwa makofi, sina hakika ni ya pongezi. Zile sambusa mbili za Sinza sikumwambia mtu.

Baada ya harusi familia ilikaa kikao kuhusu simu yangu. Shemeji yangu, ambaye kwa miaka yote ametembea na iPhone akitutazama sisi wengine kwa huruma, alipendekeza ninunue "kitu cha maana". Nilikuwa nalisubiri. Nikamkumbusha kwamba Desemba 2017 Apple walikiri kuwa programu yao ilikuwa inapunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri iliyochoka, ili zisizime ghafla, na wenye simu hawakuwa wameambiwa wazi. Walishusha bei ya kubadilishiwa betri kutoka dola 79 hadi 29, na mwaka 2020 Ufaransa ikawatoza faini ya euro milioni 25. Kwa maneno mengine, shemeji, bibi wako naye alikuwa anatembezwa, ila wewe hukuambiwa. Shemeji akaomba chai.

Mwisho nilirudi Aggrey kubadilisha betri. Hapo lazima uwe macho, maana mezani zimepangwa betri zenye stika za kila aina, nyingine zimeandikwa mAh nyingi kuliko simu yenyewe inavyoweza kubeba, kama kuandika ni bure. Fundi wangu alinichagulia isiyo na majigambo. Kisha akachukua drayer ya nywele, kabisa ile ya saluni, akaipulizia simu mgongoni ili gundi ilainike, akaingiza kadi ya plastiki pembeni, akaizungusha kwa subira mpaka mgongo ukaachia. Betri ya zamani ilikuwa imevimba katikati. Akaitoa kwa uangalifu mkubwa, akaniambia betri iliyovimba haitobolewi wala haikunjwi, inaweza kuwaka. Mimi nilikuwa nailaza chini ya chupa ya asali.

Nikamuuliza kwa nini siku hizi betri inabandikwa kwa gundi, wakati kitochi cha mama unafungua kwa ukucha. Akainua mabega. Wazungu nao wameliona: Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka ziwe zinaweza kutolewa na mwenye kifaa mwenyewe. Nilipompigia mama kumwambia habari hiyo alisema yeye atawasubiri, hana haraka.

Betri mpya ni nzuri. Simu inalala na asilimia 60, inaamka na 58. Dukani ninalipa, muuza duka hagusi tena mfuko. Mume wangu anatembea kwa kisigino. Lakini kuna kitu hawakuniambia. Simu yenye betri nzima inapokea kila kitu, na inakipokea wakati huo huo. Kundi la kamati ya harusi halikuvunjwa, limegeuzwa kuwa la ukoo. Saa kumi na moja alfajiri mtu anatuma picha ya ua na salamu za asubuhi. Watu 42 wanaitikia. Kuna kikoba, kuna kundi la wazazi wa darasa la sita, kuna la mtaa linalotangaza kila mbuzi aliyepotea. Zamani nilikuwa nikiyakuta yote jioni, yameshapoa, mbuzi ameshapatikana, na nikiulizwa nasema simu ilizima, wananihurumia.

Kwa hiyo siku hizi nikishachomoa simu kwenye chaji, ikiwa na asilimia 100 kamili, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuwasha Kiokoa Betri.

Jana asubuhi mwenyekiti aliuliza kwenye kundi kama simu ya mama mdogo bado ni mbovu, kuna harusi nyingine inakuja na wanatafuta mweka hazina. Nimemjibu leo.